Si Uvivu Wala Ulafi: Homoni na Siri ya Uzito wa Mwili



Ndugu msomaji, liko neno moja ambalo sisi wanawake hulitoa kwa mzaha, nalo humwingia mwenzetu moyoni kama mwiba. Neno lenyewe ni "Umenenepa!" Hutamkwa harusini, matangani, na hata mlangoni mwa msikiti tukitoka darsani. Anayelisema hulisahau kabla hajafika nyumbani. Anayeambiwa hulala nalo.

Katika likizo ya shule iliyopita nilipanda basi kutoka Mombasa kwenda Kitale kuwaona jamaa wa mume wangu, ambao makazi yao ni mtaa wa Tuwan. Sisi watu wa Pwani tukifika huko hujiona tumeingia nchi nyingine. Mji uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ni ya baridi, na ukitoka nje kidogo ya mji unaona mashamba ya mahindi hadi macho yachoke. Nilimkuta wifi yangu amebadilika. Uso umejaa, sauti imekuwa nzito, na amevaa sweta mbili ilhali wenzake wamevaa moja. Amenipa ruhusa niieleze habari yake bila ya kumtaja jina, akitaraji kwamba huenda ikamfaa mwanamke mwingine.

Usiku ule, watoto walipokwisha kulala, alinieleza. "Wifi, wallahi mimi sili kama wanavyodhani. Kuna siku nakula mara moja tu. Lakini kilo zinapanda, na mwili hauna nguvu hata ya kufagia ua. Hapa nyumbani naitwa mvivu. Harusini siendi tena." Kisha akanionyesha pakiti ya majani ya chai aliyouziwa sokoni, aliyoambiwa kuwa yanayeyusha mafuta ya tumbo. Chai ile ilimwendesha chooni kwa wiki mbili, ikamwachia kizunguzungu, na uzito haukusogea.

Nilimuuliza mambo machache. Je, anafunga choo? Ndiyo. Nywele zinakatika? Ndiyo. Hedhi imekuwa nzito? Ndiyo. Anasikia baridi kuliko wengine, na usingizi haumwishi? Ndiyo, ndiyo. Mimi si daktari, lakini nimewahi kuyasoma hayo, na nikajua kwamba si mambo ya uvivu. Nikamsihi aende hospitali akaombe kupimwa damu kwa ajili ya tezi ya shingo. Kabla ya kueleza alichoambiwa huko, na tuzitazame kwanza homoni zenyewe.

Wajumbe wasioonekana

Neno "homoni" lilianza kutumika katika utabibu mwaka 1905, pale mwanasayansi Mwingereza Ernest Starling alipolitoa katika Kiyunani kwa maana ya kitu kinachoamsha. Homoni ni wajumbe. Hutolewa na tezi au kiungo kimoja, husafiri ndani ya damu, na hupeleka amri kwenye kiungo kingine: tafuta chakula, acha kula, hifadhi nguvu, tumia nguvu. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini amri yake ni nzito. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ukiwa na mizani yake, na homoni ni katika wapimaji wa mizani hiyo.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua mjumbe wa njaa, anayeitwa grelini. Hutoka hasa tumboni. Tumbo likiwa tupu hupanda, na tukishakula hushuka. Tena grelini hujifunza mazoea. Mtu aliyezoea kunywa chai saa nne ya asubuhi, ikifika saa nne grelini hupanda hata kama mwili hauna haja ya chakula. Ndiyo sababu siku za mwanzo za Ramadhani huwa ngumu, kisha siku zikisonga ile njaa ya saa nne hupungua kwa wengi wetu. Mwili umefunzwa saa mpya.

Mjumbe wa pili ni leptini, aliyegunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Leptini hutolewa na mafuta ya mwilini yenyewe, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo na hakuna haja ya kutafuta zaidi. Nguvu ya mjumbe huyu ilidhihirika mwaka 1997, pale madaktari wa Cambridge, Uingereza, walipoeleza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake, wa ukoo wenye asili ya Pakistani. Msichana wa miaka minane alikuwa na kilo 86. Watoto hao hawakushiba hata walishwe nini, na ilionekana kwamba miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Msichana yule alipoanza kudungwa leptini alitulia mbele ya chakula kama watoto wengine, na ndani ya mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16. Fikiri, ndugu yangu, ni mara ngapi mtoto yule aliitwa mlafi kabla ya siku ile.

Ugonjwa kama ule ni nadra sana. Kwa wengi wetu wenye uzito mkubwa leptini imo tele, ila ubongo umeacha kuisikia, kama mtu aliyezoea kelele za barabarani. Lakini funzo ni lile lile: njaa haitokani na tabia peke yake.

Sahani yetu na insulini

Homoni inayojulikana zaidi ni insulini, iliyopatikana mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Hutolewa na kongosho. Tukila ugali, wali, mahamri au chai yenye sukari, sukari hupanda katika damu, na insulini hutoka kuifungulia milango ya chembechembe za mwili. Kinachozidi huwekwa akiba katika ini na mafuta. Madhali insulini iko juu, mwili huweka akiba na hauifungui ghala.

Sasa itazame siku ya kawaida ya nyumba nyingi, iwe Tuwan, Bungoma au Majengo ya Mombasa. Asubuhi chai ya vijiko vitatu vya sukari na mandazi, saa nne chai tena, mchana mlima wa ugali na mboga kidogo pembeni, jioni chai na andazi lililobaki, usiku ugali au wali. Ghala halipati nafasi ya kufunguliwa. Miaka ikipita, chembechembe huanza kuwa nzito wa kuisikia insulini, kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, na huo ndio mlango wa kisukari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba Kenya, mwanamke mmoja kati ya kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa hiyo jambo hili si la jirani. Limo katika kila nyumba.

Dawa ya kwanza haiko mbali. Ugali haukatazwi, ila ubadilishiwe nafasi yake. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, kunde, au mnavu, ambao Kitale huitwa managu na huuzwa kwa mafungu sokoni. Robo iwe maharagwe, dengu, omena, yai au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Maharagwe na mboga huwaamsha wajumbe wa shibe walioko katika utumbo, mmoja wao akiitwa GLP-1. Wajumbe hao huchukua kama dakika 20 kufikisha habari, kwa hiyo anayekula haraka humaliza sahani ya pili kabla ubongo haujapata salamu ya sahani ya kwanza. Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, yanaafikiana na hali hiyo.

Tezi ya shingo na chumvi ya kwetu

Turudi kwa wifi yangu. Majibu ya damu yalionyesha kwamba tezi yake ya thiroidi ilikuwa imelegea. Tezi hii iko mbele ya shingo, umbo lake mfano wa kipepeo, na homoni yake ndiyo huamua mwendo wa umetaboli, yaani kasi ambayo mwili hugeuza chakula kuwa joto na nguvu. Ikilegea, kila kitu huenda polepole: moyo, matumbo, fikra. Mtu husikia baridi, huvimba, huchoka, na uzito huongezeka hata akila kidogo. Ikizidi kasi, mambo hugeuka: mtu hukonda, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka.

Tezi hii haiwezi kufanya kazi bila ya madini joto, yaani iodini. Ardhi za milimani hupoteza madini hayo kwa kuoshwa na mvua, na ndiyo maana zamani rovu lilikuwa likionekana sana katika nyanda za juu. Kinga yake imetoka kwetu Pwani. Chumvi inayovunwa Gongoni na Marereni, katika Kaunti ya Kilifi, hutiwa madini joto kwa amri ya sheria, kisha husafirishwa hadi jikoni mwa watu wa bara. Mama, ihifadhi chumvi yako katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, na uitie mwishoni mwa mapishi, kwa kuwa madini hayo hupotea upesi. Wala usiizidishe, kwani chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Hata hivyo, pale ambapo chumvi yenye madini joto hutumika, tezi nyingi hulegea kwa sababu nyingine: kinga ya mwili yenyewe huishambulia tezi. Hapo chumvi haiponyi. Kinachohitajika ni kidonge cha homoni hiyo, ambacho wifi yangu sasa hukimeza kila asubuhi kwa maji matupu, akasubiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Kwa anayefunga Ramadhani, kidonge huweza kuhamishiwa usiku, ama wakati wa kulala, saa kadhaa baada ya kula, ama mapema kabla ya daku. Apange na daktari wake, asiache kukimeza mwezi mzima.

Majira ya mwanamke

Mwanamke hupitia majira mengi ya homoni. Baada ya kujifungua, anayenyonyesha hutumia takriban kalori 500 zaidi kila siku, na wengine hupungua kwa sababu hiyo. Lakini homoni za kunyonyesha huleta pia hamu kubwa ya kula, na kukesha na mtoto huizidisha. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Chicago, vijana 12 wenye afya walilazwa saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini yao ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na wakatamani zaidi vitu vitamu na vya wanga. Basi mama mwenye mtoto mchanga akitamani mahamri saa sita ya usiku, asilaumiwe. Apokelewe mtoto, alale.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Anayeona hivyo asikatize kwa siri. Azungumze na mhudumu wa afya, kwani ziko njia nyingine. Binti ambaye hedhi yake hupotea miezi, anayeota ndevu na chunusi na ambaye uzito wake unapanda, huenda ana tatizo la homoni za ovari. Hilo humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Si "jicho" wala si aibu ya kufichwa hadi siku ya kuozwa. Na mwanamke anayekoma hedhi hupungukiwa na estrojeni, mafuta yakahama kutoka mapajani hadi tumboni, ingawa chakula chake ni kile kile cha miaka yote.

Tahadhari na vya mitaani

Kuna vidonge vinavyouzwa kwa siri ili kumnenepesha bi harusi, na aghalabu huwa ni deksamethasoni, dawa ya jamii moja na homoni ya mwili iitwayo kotisoli. Huvimbisha uso na tumbo, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha mifupa. Anayeviacha ghafla baada ya kuvitumia muda mrefu huweza kuanguka, kwa sababu tezi zake zimesahau kazi. Mkorogo wa kung'arisha ngozi nao mara nyingi huwa na dawa za jamii hiyo hiyo, nazo hupenya ngozi hadi ndani ya damu.

Upande wa pili ziko sindano mpya za kupunguza uzito, kama semaglutaidi, zinazoiga kazi ya GLP-1. Ni dawa za kweli, lakini ni za kuandikiwa na daktari. Huleta kichefuchefu, hazifai kwa mjamzito, na wengi wanaoziacha hurudiwa na sehemu kubwa ya uzito waliopunguza. Asinunue mtu kwa simu kutoka kwa asiyemjua.

Kwa nini uzito hurudi

Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu walionyimwa chakula kingi kwa wiki 10, wakapungua kilo 13 na ushei kwa wastani. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu na za shibe bado chini. Mwili hudhani kuna ukame, ukapigania kurudisha akiba. Kwa hiyo anayejinyima kwa ukali hushindana na mlinzi asiyelala.

Na kazi za sulubu je? Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza wa Tanzania, wanaowinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Wahadza hutembea sana kila siku, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nguvu wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili husawazisha hesabu zake. Kutembea peke yake, basi, hakufuti sahani iliyojaa. Lakini kuna faida nyingine: misuli inayotumika huisikia insulini vizuri zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu walio ukingoni mwa kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ramadhani nayo ni madrasa njema, ila tusijidanganye. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba wafungaji hupungua kama kilo moja tu, na nyingi yake hurudi katika wiki zinazofuata. Sababu tunaijua: kaimati, tambi, sambusa na sharubati baada ya adhana, kisha usiku bila usingizi. Tukifungua kwa tende na maji, tukaswali Magharibi, kisha tukala kwa utulivu, wajumbe wa shibe hupata muda wa kufika.

Alivyo wifi yangu leo

Baada ya miezi mitatu ya dawa, alipungua kilo nne. Daktari alimweleza ukweli: tezi iliyolegea huongeza kilo chache tu, nyingi zikiwa maji, na zilizobaki zinataka sahani na mwendo. Kwa hiyo amepunguza sukari ya chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, na huenda sokoni kwa miguu na kurudi. Lakini alichonieleza kwa furaha zaidi si hesabu ya kilo. "Wifi, nimeweza kusimama Tarawehe yote. Na mama mkwe ameniomba radhi."

Mama mwenzangu, ukiona mwili wako unabadilika bila ya sababu unayoijua, nenda ukapimwe sukari, shinikizo la damu na tezi. Mficha maradhi kifo humfichua. Na wewe unayetaka kumwambia mwenzako "Umenenepa," muulize badala yake, "U hali gani, dada yangu?" Huenda ukawa wewe ndiye sababu ya yeye kupata tiba.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya, aitunze miili aliyotupa kuwa amana, na azitakase ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.